Mtunza Betri Nje ya Uzio

Nicodemo Tluway aliingia kwenye kazi ya betri kwa sababu ya uoga, na yeye mwenyewe halikatai hilo. Mwaka tisini na nane alishuka Mwanza kutafuta kazi, kijana wa Mbulu ambaye maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona yalikuwa ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Akaajiriwa kupakia mizigo kwenye meli ndogo iliyopeleka saruji na mchele visiwani. Siku ya kwanza, meli ilipoacha gati, alitazama mbele akaona ziwa, akatazama nyuma akaona ziwa, akashika bomba la chuma na hakuliachia mpaka walipofika. Mabaharia walicheka hadi wakachoka. Safari ya pili aliomba kazi yoyote ya ndani, hata ya kusafisha choo, mradi iwe mahali pasipo na dirisha.

Fundi wa meli, mzee mmoja aliyeitwa Vitalis, alikuwa na mahali kama hapo. Chini kabisa, nyuma ya injini, kulikuwa na chumba cha betri, chembamba na chenye harufu kali, na hakuna baharia aliyekipenda. Nicodemo alikipenda. Alikaa humo miaka kumi na minne. Alijifunza kuwa betri za asidi huongezwa maji baada ya kuchajiwa, wala si kabla, kwa sababu zikichajiwa maji hupanda. Alijifunza kuacha pete na saa mlangoni, kutowasha hata njiti ya kiberiti, na kufuta vichwa vya betri kwa maji ya magadi ili ule unga mweupe unaoota usile chuma. Zaidi ya yote alijifunza kuzitazama kila siku hata kama hakuna la kuzifanyia. Vitalis alisema betri haifi siku inapokufa, ilikufa mwezi uliopita wakati wewe umelala. Nicodemo hakulala. Meli ile iliuzwa ikiwa na injini mbovu, kapteni mbovu na betri nzuri kabisa.

Baba yake alipofariki alirudi nyumbani, kata ya Masieda, kushika shamba. Majirani waliotegemea kusikia habari za ziwa walivunjika moyo, kwa sababu mtu aliyeishi majini miaka kumi na minne hakuweza kuwaeleza hata rangi yake. Alichoweza kueleza ni betri, na hakuna aliyetaka kusikia. Kisha zahanati ya kijiji ikawekewa umeme wa jua. Waliofunga waliacha paneli sita juu ya paa na betri kumi na mbili chini, kubwa kama madebe, zimepangwa mstari mmoja na kuunganishwa moja kwa nyingine, wakaondoka. Nicodemo aliomba kazi ya ulinzi siku iliyofuata. Mlinzi alikuwa kwa karatasi tu. Mwizi angeweza kubeba geti asimwone, lakini akigusa betri Nicodemo angeamka.

Betri zile zilikuwa za kuishi miaka mitano. Mwaka huu zilikuwa na miaka minane. Fundi wa wilaya alipopita mwezi wa pili alizipima, akapima tena akidhani kifaa chake kimeharibika, kisha akasema ukweli bila kuuzungusha: zikifa hakuna nyingine mwaka huu, na bila mwanga akina mama hawataruhusiwa kujifungulia hapo. Watakwenda kituo cha afya, kilometa kumi na nane, na katikati kuna korongo ambalo masika halina adabu. Nguzo za umeme wa gridi zilikuwa zimefika, ni kweli. Zimelala kando ya barabara tangu mwaka juzi na mbuzi wanajikunia hapo.

Basi kijiji kilijua kwamba uzazi wake unategemea betri kumi na mbili, na betri zinategemea mikono ya mtu mmoja. Kilijua na kikaendelea na shughuli zake, kama vijiji vinavyofanya.

Mwezi wa nne Imakulata, mke wa Benedict mtoto wa Nicodemo, alipoteza mimba ya miezi saba. Ilikuwa alfajiri, nyumbani, na mambo yalikwisha kabla hata pikipiki haijatafutwa. Kilikuwa kitoto cha kiume. Nicodemo ndiye aliyechimba, nyuma ya zizi, kwa sababu Benedict alishindwa kushika jembe.

Kwa ukoo wao, nyumba iliyopatwa na jambo hilo hujitenga. Watu wake hawaingii kwa jirani, hawachoti maji pamoja na wengine, hawachanganyi ng'ombe, na zaidi ya yote hawakaribii mjamzito wala mtoto mchanga. Zamani ilikuwa mwaka mzima. Siku hizi wazee wamepunguza mpaka mwezi mmoja, na wako wanaosema hata huo ni mrefu. Padre haupendi mwezi huo, lakini hajawahi kupanda mlima kuukataza, na Nicodemo, ambaye hakosi misa, hakwenda kumuuliza. Alijifungia nyumbani na mwanawe na mkwewe. Alihuzunika, tena sana, na huzuni yake ilikuwa na aibu ndani yake, kwa sababu alijikuta katikati ya msiba akiziwaza betri.

Siku ya sita alimpigia simu Odilia.

Odilia alikuwa muuguzi wa zahanati, binti wa Songea, ana mwaka mmoja na miezi miwili tangu apangiwe hapo. Alikuwa mtu wa kazi, mwenye haraka kidogo, na kwa betri alijua jambo moja tu, kwamba mzee Nicodemo hapendi mtu aingie kwenye kile chumba. Sasa mzee huyohuyo alimwambia aingie. Akamweleza kwa simu, polepole, hatua kwa hatua: vifuniko vifunguliwe mchana jua likiwa limeshachaji, maji yaliyomo kwenye dumu yaongezwe mpaka mstari wa juu, asijaze kupita hapo, na asiogope akiona yanatoa mapovu kidogo, betri ikichaji ndivyo ilivyo. Odilia aliandika yote kwenye kiganja.

Nicodemo alieleza kila kitu isipokuwa kitu kimoja, na hakukieleza kwa sababu hakikumjia akilini kwamba kinahitaji kuelezwa. Chumbani mlikuwa na madumu mawili. Moja lilikuwa na maji ya betri. La pili lilikuwa na maji ya magadi ya kufutia, magadi ya Balangida yanayoletwa mnadani na akina mama wa Hanang, yaleyale wanayotia kwenye maharage na kuwapa ng'ombe walambe. Mwanamke yeyote wa huku angechovya kidole tu, aone utelezi wake, ajue. Hata mtoto angejua. Odilia alikulia kwenye maharage yasiyotiwa magadi.

Jumatatu aliongeza betri sita za kwanza, dumu likaisha. Akachukua la pili, akamimina kwenye betri ya saba. Ikatoa povu. Akakumbuka ameambiwa juu ya mapovu, akaridhika. Kabla hajafika ya nane akaitwa kwa mtoto mwenye degedege, akafunga mlango, na zile tano za mwisho zikasalimika kwa sababu hiyo tu.

Alhamisi ukungu ulishuka tangu saa tisa mchana. Saa kumi na moja Nicodemo alikuwa akirekebisha boma la ndama simu ilipoita. Odilia alisema taa zimefifia siku mbili, na sasa zimezima kabisa, na mkwe wa mama Marieta, Fausta, yuko kitandani na uchungu wa mimba ya kwanza, njia imefunguka sentimeta sita. Tochi moja, nayo inaelekea kuisha. Simu yake yenyewe ina asilimia mbili. Nicodemo alimwambia achukue kile kipimo cha kioo chenye mpira, avute nacho asidi ya kila betri, asome namba. Simu ikakatika.

Kutoka kwake hadi zahanati ni robo saa kwa miguu, kushuka na kupanda. Alikwenda. Njiani aliwaona wanawake wawili wakija na kuni, akaacha njia akapita shambani, kwenye mahindi yaliyolowa, mpaka walipopita. Alipofika kwenye uzio wa minyaa, nyuma ya zahanati, alisimama. Dirisha la chumba cha betri lilitazama upande huo, hatua thelathini hivi. Aliita.

Odilia alitokeza kichwa. "Shikamoo mzee. Pita basi, geti liko wazi."

"Marahaba. Sipiti," alisema Nicodemo. "Nisomee namba."

Alisoma. Kumi na mbili arobaini, kumi na mbili thelathini na tano, kumi na mbili arobaini. Si nzuri sana, wala si mbaya kwa siku ya ukungu. Alipofika ya saba akasoma, akasoma tena, akasema labda kipimo kimeharibika. Kumi themanini. Hiyo haikuwa asidi tena, yalikuwa maji ya kuoshea vyombo. Nicodemo alimwuliza ametia nini humo. Maji ya dumu, alisema Odilia. Dumu gani? La pili, maana la kwanza liliisha.

Hakumkaripia. Angetaka kumkaripia, ingekuwa nafuu, lakini alijua kosa ni la nani. Mtu aliyeweka madumu mawili ya rangi moja kwenye chumba kimoja bila alama, miaka minane, kwa kuwa alijiona yeye ndiye mtu pekee duniani atakayeingia humo, hana wa kumkaripia. Alimwambia tu kwamba ni magadi, na magadi yameimaliza ile asidi. Ya saba imekufa, na kwa kuwa zote zimeshikana mkono, moja iliyokufa inazizuia zile kumi na moja. Itolewe kwenye mstari, ya sita iunganishwe moja kwa moja na ya nane. Taa zitawaka, hafifu kidogo, lakini zitawaka.

"Basi njoo uitoe," Odilia alisema. "Mimi sijawahi kushika spana. Mzee, mimi hayo ya kujitenga siyaamini, na hata ningeyaamini, kuna mtu anazaa humu ndani."

Nicodemo alishika minyaa kwa mkono, ikamtia utomvu. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika kumi. Angeweza kuifanya amefumba macho. Hatua thelathini.

"Sikatai kwa ajili yangu," alisema. "Wakiniona nimeingia humo leo, Fausta ataondoka sasa hivi, na wengine watazalia nyumbani mpaka uhamishwe. Utakuwa na taa na huna mtu wa kumwangazia. Fanya wewe. Mimi nitasema."

Kabla Odilia hajajibu, mlango wa mbele ulifunguka na mama Marieta akazunguka pembe ya jengo. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini, mrefu, aliyejifunga shuka begani, na watu waliogopa kumwudhi kuliko walivyomwogopa mtendaji wa kata. Alikuwa amesikia sauti. Ndani mkwewe naye alikuwa ameisikia, na alikuwa tayari ameketi kitandani akitafuta kandambili zake. Marieta alimtazama Nicodemo, akautazama uzio, akatazama miguu yake iko upande gani wa uzio. Hakuharakisha. Odilia aliyekuwa dirishani alisema baadaye kuwa hajawahi kungoja neno la mtu kama siku ile, hata matokeo ya chuo.

"Shikamoo mama," alisema Nicodemo.

Mtu aliyejitenga anaweza kusalimia. Kuitikiwa ni hiari ya anayesalimiwa.

"Marahaba," alisema mama Marieta. "Kaa hapo hapo, Nicodemo. Sema kwa sauti, binti asikie."

Akarudi ndani, na kupitia ukuta wakamsikia akimwambia mkwewe alale.

Basi kazi ikafanyika hivyo. Nicodemo alisema, Odilia akafanya, na mhudumu wa zahanati alibaki na Fausta na ile tochi. Kwanza pete na bangili, zitoke mkononi. Kisha swichi ya paneli izimwe, halafu swichi ya taa, kwa mpangilio huo. Achukue spana ile ambayo mpini wake umezungushiwa mpira wa tyubu, asichukue nyingine yoyote, na hata hiyo isiguse vichwa viwili kwa mara moja, maana cheche yake si ya kuchezea. Odilia aliuliza cheche yake ikoje. Nicodemo alimwambia afungue nati.

Nati ya kwanza ilitoka. Ya pili ilikuwa imekaza, na Odilia alisukuma akitukana kwa Kingoni, ambacho kwa bahati nzuri hakuna aliyekielewa. Mara mbili aliitwa ndani, akaacha spana, akanawa, akaenda, akarudi, akauliza wamefikia wapi. Nicodemo alikuwa anakumbuka wamefikia wapi. Mwanga wa dirishani ulikuwa ukipungua na ukungu ulikuwa umemlowesha mpaka ndani ya shati. Alikuwa ameshaiona kazi yote kichwani, kila waya na rangi yake, na vidole vyake vilikuwa vikijizungusha vyenyewe hewani kila Odilia aliposema ngoja, haizunguki. Hakuna kazi iliyopata kumchosha kama ile ambayo hakuigusa.

Waya mnene ulikuwa juu ya rafu, umeviringishwa. Upande mmoja kwenye hasi ya sita. Upande wa pili kwenye chanya ya nane. Alimwuliza mara tatu kama ana uhakika ni chanya, ile yenye alama ya kujumlisha, na mara ya tatu Odilia alimjibu kwamba amesoma mpaka chuo, alama ya kujumlisha anaijua. Kaza. Kaza tena. Vuta uone kama inacheza. Haichezi. Sasa swichi ya taa.

Dirisha likawa la manjano.

Si mwanga mkali, ulikuwa mwanga wa mtu anayetoka kuugua, lakini ulikuwa mwanga. Odilia alikuwa ameshakimbilia ndani.

Nicodemo alibaki pale kwenye uzio. Hakuwa na sababu ya kubaki, alijiambia kwamba anasikiliza kama taa zitazima tena, kana kwamba taa husikika. Ilipita nusu saa, labda zaidi. Kisha akasikia kilio, chembamba na chenye hasira, na mara baada yake mlango ukafunguliwa na mama Marieta akasimama barazani. Nyumba ya mumewe ilikuwa ng'ambo ya bonde, upande uleule wa nyumba ya Nicodemo, na wanawake wa huku hawangoji simu. Aliweka mikono mdomoni akaita kuvuka bonde, mara mbili, akawaambia wa nyumbani kwake kilichozaliwa. Aliporudi ndani Nicodemo aliondoka, akafuata njia ya nyuma, ya korongoni, isiyopitwa na watu.

Imakulata alikuwa ameketi nje ya mlango, kwenye kigoda, na khanga ameivuta mpaka kwenye paji la uso. Tangu siku ile alikuwa akifanya kila kitu kama kawaida, alipika, alifagia, aliitikia akiitwa, na machozi hayajamtoka hata mara moja. Benedict alikuwa anaogopa hilo, Nicodemo pia. Hawakujua waliseme vipi.

"Taa zimewaka, baba?" aliuliza.

"Zimewaka."

"Amejifungua?"

"Amejifungua salama."

"Mtoto gani?"

"Sikuuliza," alisema Nicodemo.

Imakulata alimtazama. Hakuwa na hasira. "Mama Marieta ameita mara mbili, baba. Nimesikia hapa nilipo. Ni wa kiume."

Akainama, akafunika uso kwa khanga, na kilio kikamtoka, kile kilichokuwa kimekaa tangu alfajiri ile. Kwa mila yao baba mkwe hamgusi mke wa mwanawe, hata bega. Nicodemo alisimama na nguo zake zilizolowa, akakosa pa kuweka mikono. Kisha akaketi chini, pale pale uani, mbali naye hatua chache, na hakuondoka mpaka alipomaliza.